Mapipa na Ngazi za Diorama: Kutu Haitaficha Kipimo Kilichokosewa

SWALI: Fundi, hujambo? Mimi ni mkazi wa Umoja, Nairobi, na kwa muda sasa ninaunda modeli ya ndege aina ya DC-3 kwa skeli ya 1:48, yaani ndogo mara 48 kuliko ndege halisi. Nataka ionekane ndani ya diorama, yaani mandhari ndogo ya modeli, ikiwa imeegeshwa katika Uwanja wa Wilson miaka ya 1970, mafundi wakiishughulikia injini. Ndege yenyewe imetoka vizuri, lakini vifaa vya pembeni nilivyojiundia vinanivunja moyo. Mapipa ya mafuta niliyaviringisha kwa karatasi juu ya betri ya AA na kuyakata kwa kimo cha milimita 22. Ngazi niliiunda kwa njiti za kiberiti, na mitungi ya mafuta ya lita 20 niliinunua mtandaoni. Kila anayeviona husema vinafanana na vitu vya kuchezea watoto. Nimeshauriwa nivipake kutu na matope kwa wingi ili kasoro zifunikwe. Je, ni rangi gani au unga gani wa kutu unaofaa, na nipake kiasi gani?

JIBU: Ndugu msomaji, weka kando rangi ya kutu kwa sasa. Swali la rangi itakayoficha kasoro ndilo ninaloulizwa kuliko jingine lolote katika kazi hii ya kuunda modeli, na karibu kila mara tatizo la kifaa kinacholetwa mezani kwangu huwa limeanzia kwenye rula, kabla brashi haijaguswa.

Hebu tulipime pipa lako kana kwamba ni la kweli. Betri ya AA ina kipenyo cha milimita 14.5, zidisha kwa 48 na utapata takriban sentimita 70. Kimo chako cha milimita 22 kinakuwa takriban sentimita 106. Pipa la chuma la lita 200, lile tunaloliona kwenye kila eneo la ujenzi jijini, lina kipenyo cha sentimita 58 hivi na kimo cha takriban sentimita 88. Tofauti ya milimita mbili upande mmoja na nne upande mwingine inaonekana ndogo ukiitazama mezani, lakini ujazo hukua pande zote kwa pamoja, na pipa uliloliunda lingebeba karibu lita 400. Mtu mwenye urefu wa mita 1.75 ana milimita 36 na nusu katika skeli yako. Ukimsimamisha kando ya pipa hilo, ukingo wake unamfika kiunoni, mahali ambapo pipa halisi haliwezi kumfika. Mtazamaji hahitaji kuifanya hesabu hii. Ameyaona mapipa tangu utotoni, na jicho lake linakataa papo hapo hata kama hawezi kukueleza sababu. Hakuna kutu duniani inayoweza kupunguza lita 200 kutoka kwenye pipa. Pipa lako linapaswa kuwa na kipenyo cha milimita 12.2 na kimo cha milimita 18.3, na hapo ndipo kazi inapoanzia.

Kosa la pili ni kubwa kuliko la kwanza, nalo ndilo linaloharibu diorama nyingi zaidi: unene. Watu wengi wanaamini kwamba kifaa kidogo hupendeza kwa kuongezewa vitu, yaani misumari, mikanda, maandishi na uchafu, wakati ambapo jambo linalokifanya kionekane cha kweli ni wembamba wa kingo zake. Njiti ya kiberiti ina unene wa takriban milimita mbili. Kwa skeli ya 1:48 hiyo ni sentimita 9.6, yaani boriti ya kuezekea nyumba, na wewe umeifanya kuwa mguu wa ngazi ya fundi wa ndege. Ngazi ya bomba la alumini lenye unene wa milimita 25 inahitaji kitu chenye unene wa nusu milimita. Karatasi ya kawaida ya kuchapia ina unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, kwa hiyo katika skeli yako inawakilisha bamba la karibu milimita tano, ilhali chuma cha pipa ni cha takriban milimita moja tu. Ndiyo maana mdomo wa pipa lako unaonekana mnono.

Kabla hujakata chochote tena, chukua futi kamba na daftari uende Kamukunji. Mafundi wa jua kali pale huyafungua mapipa kama hayo na kuyageuza kuwa mabati ya kuundia majiko na masanduku, na ukiomba kwa adabu watakuacha upime kipenyo, kimo, nafasi kati ya mbavu mbili zinazozunguka kiwiliwili, na muhimu zaidi, unene wa bati lililokatwa. Utaona pia kwamba kifuniko kimezama kidogo chini ya ukingo, na kwamba kina matundu mawili yenye vizibo, moja la inchi mbili na jingine la robo tatu ya inchi. Katika skeli yako tundu kubwa ni milimita moja na dogo ni sehemu nne za kumi za milimita. Mtu aliyewahi kuyashika matundu hayo kwa vidole vyake hawezi kuyaweka katikati ya kifuniko, kama ninavyoona yakiwekwa kila wakati.

Vifaa vya kuundia vipo mjini, tena kwa bei ya chini kuliko hiyo mitungi uliyoagiza. Karatasi ya alumini ya jikoni ina unene wa takriban milimita 0.016, ambao ukizidishwa kwa 48 unakaribia milimita 0.8, hiyo ndiyo bati yako. Tafuta kijiti cha mviringo chenye kipenyo cha milimita 12, kizungushie ukanda wa karatasi mara moja ili ukifikishe 12.2, kisha uvike alumini juu yake na kuiacha ipite ncha ya kijiti kidogo sana ili iwe ukingo mwembamba. Mbavu utazipata ndani ya waya wa umeme unaonyumbulika: zile nyuzi za shaba zilizosokotwa huwa na unene wa takriban milimita 0.2 kila mmoja. Zungusha uzi mmoja kwenye kila theluthi ya kimo kabla ya kuvika alumini, kisha ikandamize alumini juu yake kwa kijiti cha meno, na ubavu utachomoza ukiwa na mteremko laini kama ulivyo kwenye chuma kilichokandamizwa kiwandani.

Kwa ngazi, nenda duka la dawa ununue sindano mpya. Yenye kitako cha rangi ya machungwa ina unene wa nusu milimita, ambao ni milimita 24 katika skeli yako. Ya buluu inakaribia milimita 0.6. Kata ncha kali kwanza na uitupe ndani ya chupa iliyofungwa, vaa miwani ya kukinga macho kwa sababu chuma hicho huruka kinapokatika, na usitumie kamwe sindano iliyokwisha kutumika. Vidato vikae milimita sita na robo kutoka kimoja hadi kingine, kwa kuwa ngazi nyingi huacha takriban sentimita 30 kati ya vidato. Bomba la kujazia mafuta lenye unene wa sentimita tano ni waya wa risasi wa kulehemu wa milimita moja, unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki ya Luthuli Avenue. Hujipinda kwa uzito wake na kulala chini kama mpira, jambo ambalo waya wa shaba haukubali kulifanya.

Ukishapata vipimo, uliza kila kifaa kinafanya nini pale kilipo. DC-3 inaendeshwa na injini mbili za pistoni, nyingi zikiwa za aina ya Pratt & Whitney Twin Wasp zenye silinda 14 zilizopangwa kwa duara, na injini za namna hiyo huvuja mafuta ya kulainisha hata zikiwa nzima, kwa hiyo sinia ya kukingia matone chini ya kila injini ina haki ya kuwepo kuliko masanduku kumi ya vifaa. Injini hizo hunywa petroli ya ndege. Nimeziona DC-3 zilizozungukwa na mapipa yaliyoandikwa Jet A-1, ambayo ni mafuta ya injini za tabaini, na mwundaji amejaa fahari kwa jinsi maandishi yalivyonyooka. Pipa lililojaa na linalowekwa nje hulazwa ubavu, vizibo vikiwa kwenye mstari mmoja wa mlalo ili vibaki chini ya usawa wa mafuta, kwa sababu likisimamishwa maji ya mvua hutuama juu ya kifuniko na kufyonzwa ndani pipa linapopoa usiku. Pipa linalosimama wima liwe lile linalotumika, lenye pampu ya mkono, na karibu yake kuwe na faneli yenye ngozi laini ya kuchujia maji. Mapipa matatu yaliyowekwa kwa sababu yatakufaa zaidi ya kumi na mawili yaliyomwagwa ili kujaza nafasi.

Sasa kutu. Pipa la chuma hushika kutu pale maji yanapotuama na pale rangi ilipokwaruzwa, yaani pembeni mwa kifuniko na kwenye ukingo wa chini. Mbavu, kwa kuwa ndizo zinazogusa ardhi pipa likibingirishwa, huchubuka na kung'aa, na kwenye pipa linalotumika kila siku hazipati nafasi ya kushika kutu nzito. Brashi ndogo, rangi ya kahawia iliyochanganywa na chungwa kidogo, sehemu tatu au nne kwa kila pipa, inatosha. Ngazi ya alumini usiipake kutu hata tone, na wala usiipake ndege. Alumini haishiki kutu ya kahawia. Huchakaa kwa kufifia na kuwa na madoa ya kijivu na meupe. Kuhusu matope, kama ndege yako imesimama kwenye lami, yale matope mekundu unayoshauriwa kuyapaka kote yanahitaji kueleza yalikotoka: tairi na tumbo la ndege iliyotoka kutua kwenye kiwanja cha udongo, ndiyo, ngazi isiyoondoka Wilson, hapana.

Mitungi yako nayo naishuku. Mtungi wa chuma wa lita 20 wenye mikono mitatu una kimo cha takriban sentimita 47, kwa hiyo wako unapaswa kuwa na milimita 9.8. Uupime. Ukikuta unakaribia 13.4, basi umeuziwa mtungi wa skeli ya 1:35, ambao katika diorama yako una kimo cha sentimita 64. Wauzaji wanaoandika kwamba bidhaa moja inafaa kwa skeli zote wanakusanya pesa za watu wasiobeba rula, na ninasema hivyo bila kumung'unya maneno. Hali ni ile ile kwa mafaili ya printa za pande tatu yanayosambazwa bure. Faili la 1:35 linalopelekwa kwenye 1:48 lazima lipunguzwe hadi asilimia 72.9, na bado kingo zilizokuwa nene katika faili la awali zitabaki nene. Mashine hurudia kosa la aliyechora, kwa uaminifu kamili. Sipingi mashine hizo, kwani mimi mwenyewe ninazitumia kwa tairi na vitu vyenye mikunjo. Ninapinga imani kwamba mtu akiwa na mashine ameondolewa wajibu wa kupima.

Njia za mkato zinazonikasirisha kuliko zote, hata hivyo, ni zile zinazomdhuru mtu. Kuna video zinazofundisha vijana kuyeyusha vipande vya stairofomu ndani ya petroli ili kupata gundi ya bei rahisi. Gundi hiyo hukauka ikiwa laini, hula plastiki ya modeli kwa siku kadhaa baada ya kupakwa, na inatengenezwa kwa petroli iliyo wazi ndani ya chumba ambacho mara nyingi ndicho pia jiko la nyumba. Wengine wanashauri kupuliza rangi za magari zilizochanganywa na thina kali. Thina hiyo huyeyusha polistairini, yaani plastiki ya modeli, na mvuke wake huumiza kichwa na mapafu ya kila anayelala katika chumba hicho, watoto wakiwemo. Barakoa ya kitambaa au ile nyepesi ya hospitali haizuii mvuke. Kinachouzuia ni kichujio chenye mkaa maalumu, na hata nacho dirisha lazima liwe wazi. Gundi ya haraka nayo isimwagikie pamba wala nguo ya pamba, kwani hupata joto la ghafla linaloweza kuunguza ngozi, na isitumiwe karibu na vioo vya ndege kwa sababu mvuke wake huacha ukungu mweupe. Kwa vifaa hivi vidogo, rangi za akriliki zinazochanganywa na maji na kupakwa kwa brashi katika tabaka nyembamba zinafanya kazi yote unayohitaji. Ukiwa unaishi chumba kimoja na familia, tumia hizo peke yake, na pipa lolote linalohitaji msasa ulisugue likiwa limeloweshwa maji ili vumbi lisiruke.