Kapasita ya BZN inayoyumba na joto: mita iache kwanza, angalia fuwele

Mkuu, umeuliza kwa nini kidonge chako cha BZN, yani oksidi ya bismathi, zinki na niobi, kapasitansi (uwezo wa kutunza chaji ya umeme) inaporomoka kila joto likipanda wakati ulitaka kitulie, na unahisi mita ya kupimia ndo mbovu. Mita iache kwanza. Hiki kitu kilinila miezi minne nikiwa masta.

BZN sio kitu kimoja. Kuna ya fuwele za mchemraba, Bi1.5ZnNb1.5O7, pemitiviti yake (namba inayoonyesha kitu kinaongeza kapasitansi mara ngapi) inafika kama 150 ila joto likipanda inashuka, sehemu 400 hivi kwa milioni kwa kila digrii. Halafu kuna ya monokliniki, yani fuwele zilizoinama upande, Bi2Zn2/3Nb4/3O7, hiyo ina 80 hivi tu lakini yenyewe inapanda na joto, ndo maana watu wanazichanganya zifutane. Ile ya mchemraba mimi naipenda sana: zinki imeingia kwenye baadhi ya nafasi za bismathi, atomi hazikai katikati kabisa, zinasogea sogea ukiweka umeme, na pemitiviti kubwa inatoka hapo hapo.

Sasa kwangu shida ilikuwa tanuru. Nilikuwa na haraka nikapeleka unga mbichi moja kwa moja mpaka nyuzi 950 za Selsiasi, na oksidi ya bismathi ikiwa peke yake ikifika 729 inageuka kutoka monokliniki kuwa mchemraba, 824 inayeyuka kabisa, kwa hiyo kabla haijashikana na wenzake ikawa maji, ikala kikombe cha alumina, nyingine ikapaa kama mvuke, kilichobaki sio uwiano niliopima. Nikarudia mizani mara tatu bure.

Nilikuja kufanikiwa nilipochoma unga kwanza 750 masaa manne, pole pole, nikausaga tena, nikabana vidonge, nikavifukia kwenye unga wa aina ileile na kufunika kikombe, ndo nikaenda 950. Na kama unachoma pamoja na elektrodi za fedha usipitilize, fedha inayeyuka 961.

Peleka kidonge eksirei. Kwa mashine inayotoa eksirei kwa shaba angalia kwenye grafu kilele kikubwa karibu na pembe ya digrii 29, kikisimama kimoja ni mchemraba, kikigawanyika una monokliniki ndani. Ukipata picha iweke hapa na ratiba ya tanuru lako, nitaipitia.