Mama Anayeanguka Usiku: Anzeni na Presha, Kisha Njia ya Chooni

Dada yangu, pole kwa kuuguza. Umeeleza kwamba mama yenu, mwenye miaka 74 na anayetumia dawa za presha, ameanguka mara mbili usiku akielekea chooni, na unauliza kama azuiwe kutembea peke yake. Nakusihi msimzuie, kwa maana mzee anayekaa kutwa miguu yake hulegea, na hatari ya kuanguka huongezeka.

Mpelekeni kituo cha afya pamoja na dawa zake zote, apimwe presha akiwa amelala, kisha baada ya kusimama kwa dakika 1 na dakika 3. Kipimo cha juu, yaani ile namba ya kwanza ya presha, kikishuka kwa 20 au zaidi anaposimama, daktari ndiye atakayepanga dawa upya, wala msizikatishe wenyewe. Hadi hapo, kila anapoamka aketi kwanza ukingoni mwa kitanda, achezeshe nyayo, ndipo asimame. Macho nayo yachunguzwe, kwani mtoto wa jicho hutibika.

Kisha piteni wenyewe njia anayopita usiku, kwa mwanga ule ule alionao yeye. Mtaona ncha ya mkeka iliyokunjamana, kizingiti, sakafu yenye povu la sabuni, na pengine kandambili zilizolika soli hadi zikawa laini kabisa. Hizo zitupeni leo. Fundi afunge bomba la chuma la kushikilia kwenye ukuta wa choo, mahali mkono wa mama unapofika anapochuchumaa, lishike barabara.

Akianguka tena akashindwa kukanyagia mguu, tafadhali msimkande. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.