Boksi linavutwa kwa kamba, mbona jibu langu halifanani na la kitabu?

SWALI: Shikamoo injinia. Nipo form five PCM, nakaa Mbagala. Kuna homuweki inanisumbua: boksi la kilo 20 lipo sakafuni, linavutwa na kamba iliyoinuka nyuzi 30 kutoka usawa wa sakafu, kamba inavuta kwa nyutoni 100, koefishenti ya msuguano 0.3, tafuta akselerisheni. Mi napata 1.33, kitabu kinasema 2.08. Nimeuliza kwenye grupu la WhatsApp la darasa, mtu kajibu "2.08" basi, hamna njia. Kazi yangu nimeipiga picha hii hapa. Tunakusanya Jumatatu.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Umefanya la maana sana kutuma kazi yako, maana wengi wananitumia picha ya swali tupu na neno moja "nisaidie", sasa hapo mi nitajuaje umekwama wapi? Yako nimeiona ile 1.33 tu nikacheka, sio kwa dharau, ni kwamba hata mimi mwaka wa kwanza chuo nilipigwa na kosa hilihili kwenye test na nikatoka nje najisifia kabisa.

Hesabu zako ziko sawa zote, kikokotoo hakina kosa. Umechukua 20 mara 10, yaani kilo mara g (akselerisheni ya mvutano wa dunia), ukapata 200, ukasema sakafu inalisukuma boksi juu kwa 200, ukazidisha 0.3 ukapata msuguano 60, kamba mbele ni 100 cos 30 yaani 86.6, ukatoa ikabaki 26.6, ukagawa kwa 20. Sasa niambie, hiyo 200 ya sakafu umeitoa wapi? Najua ulipoitoa, kwenye mazoea, form three na four karibu kila boksi mlilopewa lilikuwa linavutwa sambamba na sakafu na rieksheni, yaani huo msukumo wa sakafu kwenda juu, ikawa sawa na uzito, basi ikakukaa kichwani kama vile ni sheria. Sio sheria.

Fanya hivi, kabla hujaandika namba yoyote chora boksi peke yake, sakafu usiichore, ufute kabisa, afu jiulize nani analigusa hili boksi. Sakafu na kamba. Dunia nayo inalivuta chini bila kuligusa. Basi, hamna mwingine. Sakafu inafanya kazi mbili, inasukuma juu na inalikwaruza kurudi nyuma, kwa hiyo una mishale minne tu. Ukitaka kuongeza wa tano lazima unitajie nani anausababisha, na hapa ndo wanafunzi wengi wanaponaswa, wanachora "ma" (masi mara akselerisheni) nayo kama fosi inayosukuma mbele wakati ma ni kile kinachobaki ukishazijumlisha fosi za kweli.

Sasa tazama mshale wa kamba. Umeinuka, si ndio? Kwa hiyo kamba haivuti mbele tu, inalinyanyua boksi kidogo pia, 100 sin 30 ambayo ni 50. Dunia inavuta chini 200, kamba imeshasaidia kubeba 50, sakafu imebakiwa na 150. Msuguano ni 0.3 mara 150 sawa na 45, sio 60. 86.6 toa 45 inabaki 41.6, gawa kwa 20, hiyo hapo 2.08 yako.

Siku ukipita Kariakoo waangalie vijana wanaohamisha maboksi mazito. Anayevuta kwa kamba iliyopanda begani anaenda, anayelisukuma kwa kuinama juu yake anatoa jasho zaidi, na sio kwamba hana nguvu. Geuza swali lako lilelile, nyutoni 100 zilezile nyuzi 30 ila awe anasukuma kuelekea chini: sakafu inabeba 250, msuguano unakuwa 75, inabaki 11.6, akselerisheni 0.58. Mzigo uleule, fosi ileile, tofauti zaidi ya mara tatu kwa sababu ya mwelekeo tu. Mimi hii ndo ilinifanya nipende mekaniki kusema kweli.

Kitu kingine kidogo, hapa g ni 10. Ukitumia 9.8 utapata 2.14 na utaanza kujilaumu bure, kwa hiyo soma swali limekupa ipi, na kwenye karatasi za NECTA angalia maelekezo ya mwanzo, huwa wanakuwekea.

Kwa mazoezi zaidi, Taasisi ya Elimu wana maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, na kama bando linakusumbua ipo Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, kaa na mwenzako mmoja, kila mtu achore mishale yake kwanza afu mlinganishe kabla ya kufungua majibu. Grupu la WhatsApp litumie kuuliza "huu mshale nimeuweka sawa?" sio "jibu ngapi?".

Na kabla hujafunga daftari, swali lako lilelile badilisha nyuzi ziwe 17, halafu fanya na 45. Moja itakupa zaidi ya 2.08 na nyingine itashuka. Nitumie michoro yote miwili uniambie kwa nini.