Maswali na majibu: Kuhamia Lamu na watoto

Wengi mnaotuandikia mnaulizia nyumba kwanza, shule baadaye. Tumefuata mpangilio wenu, ila mtaona majibu yetu mengi yanarudi kwenye njia ya mtoto: anatoka wapi, anapita wapi, anarudi saa ngapi. Nyumba ikishindwa hapo, uzuri wake hauna kazi.

Assalaam alaykum. Nimehamishwa kikazi kutoka Nakuru. Ofisi iko Lamu kisiwani, lakini naambiwa Mokowe, ng'ambo ya bara, nyumba ni kubwa na nafuu. Watoto wangu wana miaka 12, 8 na 3. Tukae wapi? (Baba wa watatu)

Waalaykum salaam, baba. Mokowe gari linafika mlangoni na uwanja wa kuchezea upo. Kikwazo ni maji yaliyo katikati. Kila siku ya kazi utavuka mara mbili. Boti za abiria hungoja zijae, na kiza kikiingia hupungua. Ukikwama, unakodi chombo kizima peke yako. Mdogo akishikwa na homa usiku kama huo, wewe uko ng'ambo hii na yeye ng'ambo ile. Mokowe tunampendekezea mtu ambaye kazi yake iko bara: Hindi, Mpeketoni, Witu.

Kisiwani, Mkomani ni nyumba za mawe zilizobanana na vichochoro vyenye kivuli. Langoni kuna maduka na pirikapirika zaidi. Gadeni, Kashmiri na Wiyoni, nyuma ya mji, utapata nyumba za chini zenye ua. Kwa mwenye mtoto wa miaka 3 sisi tungeanza kutafuta huko nyuma, hata kama nyumba yenyewe si ya kupigiwa picha. Shela ni pazuri, lakini bei nyingi za huko zimepangwa kwa wageni, na ni mwendo wa kama kilomita 3 hadi mjini. Ukipitia pwani wakati maji yamejaa, kuna mahali utalowa.

Kabla ya kulipa chochote, itembee njia. Toka kwenye nyumba hiyo saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi shuleni, kwa hatua za mtoto wa miaka 8, si zako. Kisha tembea kutoka chuoni, yaani madrasa, kurudi nyumbani karibu na magharibi, maana watoto wengi husoma chuo jioni. Angalia kichochoro gani hakina taa. Wafundishe watoto siku ya kwanza kabisa: wakisikia "simile!" nyuma yao, wajibanze ukutani mpaka punda apite. Punda aliyebeba mawe hasimami upesi, na mzigo wake umejitokeza pande zote mbili, usawa wa kichwa cha mtoto. Mitaa ya nyuma kuna pikipiki pia.

Jambo la mwisho: usitafute nyumba wakati wa Maulidi ya Mfungo Sita wala mwisho wa Desemba. Mji hujaa, na utatajiwa bei ya wiki kama ya mwezi.

Tumepata nyumba ya mawe ya zamani Mkomani, ghorofa mbili, kisima ndani. Mume wangu ameipenda sana. Mimi naogopa kwa ajili ya mtoto anayetambaa. (Mama Mdogo)

Hofu yako ina msingi, dada, lakini mengi yanarekebishika. Anza na ngazi. Ni za mwinuko mkali na vidato havilingani urefu, hata mtu mzima hujikwaa. Weka vigeti viwili vya mbao, kimoja chini, kimoja juu, urefu wa sentimita 90 au zaidi, fito zisiachane kwa zaidi ya sentimita 10 ili kichwa kisipite. Geti la juu lifunguke kuelekea ndani, si kuelekea ngazini.

Kisha panda juu kabisa. Ukuta wa kukinga kwenye dari, yaani paa bapa la nyumba za zamani, mara nyingi ni mfupi, na watu huweka kando yake viti au mitungi ambayo mtoto hupandia. Kama ukuta haufiki kifuani mwako, mlango wa dari ukae na komeo lililo juu, asilolifikia mtoto.

Kisima kinahitaji mfuniko wa mbao nzito au chuma, wenye kufuli. Bati lililobanwa na jiwe si mfuniko. Watu husahau birika la chooni, lile la kuhifadhia maji ya kujimwagia. Mtoto mchanga huzama kwenye maji ya kina cha shubiri. Lifunike au ulikaushe, utumie ndoo yenye kifuniko. Ukilitumia, fanya kama wazee: weka visamaki ndani wale viluwiluwi vya mbu.

Sasa jengo lenyewe. Dari hubebwa na boriti za mkoko, na urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba. Vyumba vingi havizidi mita 3. Angalia kila boriti inapoingia ukutani, maana ndipo inapooza kwanza. Igonge kwa fimbo: nzima hulia kwa ukavu, iliyoliwa hutoa sauti butu na unga wa mchwa huanguka. Plasta iliyovimba juu ya mahali utakapoweka kitanda cha mtoto ibanduliwe kabla hamjahamia. Kuta za matumbawe na chokaa hunyonya unyevu na kuutoa. Aliyepaka saruji juu yake ameufungia ndani, ndiyo maana utaona plasta inamenyeka kutoka chini na chumvi nyeupe imetapakaa. Mtoto mwenye pumu asilale chumba kinachonuka kuvu. Kama unaweza, ione nyumba mwezi wa tano, mvua ikinyesha.

Mji wa Kale uko katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001. Kubomoa, kutoboa dirisha au kuongeza chumba kunahitaji idhini ya ofisi ya Makumbusho ya Taifa. Vigeti vya mbao vya kuondoka navyo havina shida hiyo. Mwambie mumeo aingie nyumba hiyo akimbeba mtoto mkono mmoja na ndoo mkono wa pili. Akishuka salama, mjadiliane kodi.

Mizigo yetu tuisafirishe vipi kutoka Mombasa? Tuna friji, makochi na vitanda viwili vya futi 5 kwa 6.

Makosa mengi hufanyika hapa. Mwenye lori anakwambia "mpaka Lamu" akimaanisha jeti ya Mokowe. Safari ni tatu na bei ni tatu: lori, chombo cha kuvukia, kisha hamali na punda au mkokoteni hadi mlangoni. Patana na wote watatu kabla lori halijaondoka Mombasa. Ukipatana mzigo ukiwa umeshamwagwa jetini na watoto wanalia jua kali, bei si yako tena.

Hesabu mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi na hujaa mnamo saa kumi alasiri. Lori likifika asubuhi ya siku hiyo, chombo kiko chini sana ya gati na friji inateremshwa kwa ngazi zenye utelezi. Panga kufika wakati wa maji mafu, kama kati ya siku ya 8 na ya 10, au ya 22 na ya 24, kwa kuhesabu tangu mwandamo. Siku hizo maji hayapandi wala kushuka sana.

Kabla ya kufunga makochi, mtu wako aliyeko Lamu apime vitu vitatu: upana wa mlango, upana wa ngazi, na pale ngazi inapokunja. Hapo pa tatu ndipo kabati la kipande kimoja linapokwama. Vitanda vifunguliwe, na skrubu za kila kitanda zitiwe kwenye mfuko uliofungwa kwenye ubao wake. Magodoro yafunikwe nailoni mara mbili, hasa Juni hadi Agosti kusi likivuma. Friji isafiri wima, na ikifika ikae saa kadhaa kabla ya kuwashwa. Mfuko mmoja usiingie kwenye lori: neti, shuka, tochi, dawa, sufuria moja na nguo za siku mbili. Vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa vya watoto viwe mkononi. Njiani kuna vizuizi vya polisi, na orodha ya mizigo huokoa muda.

Mwanangu yuko Gredi ya 9. Naweza kumhamisha muhula wa pili?

Tungesema ngoja, mama. Mtahiniwa wa KJSEA, mtihani wa Gredi ya 9, husajiliwa na shule mapema katika mwaka, na akishasajiliwa kituo chake cha mtihani ni kile kile. Ukimhamisha katikati, huenda ukalazimika kumrudisha huko kufanya mtihani. Gredi ya 6 na mtihani wake wa KPSEA ni vivyo hivyo. Akimaliza Gredi ya 9 atapangiwa Sekondari Pevu (Gredi ya 10 hadi 12), kwa hiyo uhamisho wenyewe unaangukia mahali pake.

Kwa madarasa mengine, hama likizo ya Desemba. Chukua barua ya uhamisho, ripoti za mihula ya karibuni, nakala ya cheti cha kuzaliwa na nambari ya upimaji ya KNEC (Baraza la Mitihani). Kisha hakikisha mwalimu mkuu wa zamani amemwachilia mtoto kwenye mfumo wa wizara. Barua bila kuachiliwa ni nusu ya kazi: mtoto anakaa darasani Lamu huku akihesabiwa kule alikotoka, na mgao wake wa fedha za serikali unaenda huko.

Mkataba wa nyumba ni lazima? Mwenye nyumba ni mtu mzima wa heshima, naona haya kumwomba karatasi.

Muombe tu, ndugu, tena kwa heshima hiyo hiyo. Sheria ya kudhibiti kodi inalinda nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Zaidi ya hapo kinga yako kubwa ni karatasi. Nyumba nyingi hapa ni za urithi. Mzee anayekupangisha anaweza kuwa mmoja wa warithi saba, na wa Mombasa akija na nia ya kuuza, wewe huna pa kusimama. Uliza nyumba ni ya nani, na mkataba utaje kwamba anatia saini kwa niaba ya warithi, shahidi mmoja awe mmoja wao. Ikiwa ni ya wakfu, yaani iliyotengwa kwa ajili ya dini au hisani, lipa kwa msimamizi na udai risiti. Kodi ipitie M-Pesa kwa jina lililo kwenye mkataba.

Andikeni pia notisi ya miezi miwili. Bila hiyo, kuna wanaotolewa Novemba ili nyumba ipangishwe wageni wa Desemba. Nunua umeme wa shilingi 100 kwa mita hiyo kabla ya kulipa amana: kama kuna deni la aliyetoka, utaliona linakatwa hapo hapo.

Maji ya kisima chetu yana chumvi kidogo. Watoto wanaweza kuyanywa?

Chumvi kidogo si hoja kubwa. Hoja ni vyoo vya shimo vilivyo karibu. Katika mitaa iliyobanana, ya kisima ni ya kufulia na kupigia deki. Ya kunywa yawe ya bomba, yanayotoka visima vya matuta ya mchanga ya Shela, na bado uyachemshe. Bomba hutoka kwa saa zake, kwa hiyo uliza majirani, si dalali. Familia ya watu watano ikitumia lita 50 kwa mtu kwa siku, tanki la lita 1,000 litawafikisha siku nne.

Watoto wangu wamekulia Nyeri. Kiafya nijiandae na nini?

Malaria kwanza. Mtoto wa nyanda za juu hana kinga inayojengeka kwa kukulia penye malaria, kwa hiyo homa yoyote ipimwe siku hiyo hiyo. Hospitali ya King Fahd iko hapa hapa kisiwani. Neti yenye dawa kila kitanda, tangu usiku wa kwanza. Pili, pepopunda: vijidudu vyake hupatikana kwenye kinyesi cha punda, na hapa watoto hutembea peku. Njoo na kijitabu cha mama na mtoto, na muuguzi aangalie kama chanjo zimekamilika. Hakikisha watoto wameandikwa chini yako SHA (bima ya afya ya serikali), kwa kupiga *147#.

Mume wangu anafanya kazi Lamu, lakini mimi napenda tukae Malindi, yeye aje wikendi. Mnaonaje?

Malindi ina shule nyingi zaidi za kuchagua na ukitaka Mombasa ni kama kilomita 120 tu. Lakini kutoka Malindi hadi Mokowe ni zaidi ya kilomita 200 kupitia Garsen na Witu, kisha boti. Akitoka kazini Ijumaa jioni hapati basi. Atafika Jumamosi mchana na kuondoka Jumapili. Na Mto Tana ukifurika, barabara hukatika, kama ilivyokuwa Lango la Simba mwishoni mwa 2023. Kila wiki hataweza. Kila wiki mbili, akipewa Ijumaa nzima, inawezekana. Mwambie aulize hilo kazini kabla hujalipa karo ya Malindi, maana karo hairudishwi.