Massey 135 iliyokamata: usiivute kwa kamba

Pole kaka. Massey Ferguson 135 ya mzee iliyolala chini ya mwembe mpaka injini ikakamata, yaani haizunguki tena, bado si skrepa. Ila huyo anayekushauri ivutwe na trekta jingine ikiwa kwenye gia, mkatalie. Utapinda konrodi, vile vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki.

Toa nozeli zote 3, zile zinazopuliza dizeli kwenye silinda. Kila silinda imiminie ATF (oili ya giaboksi za otomatiki) na asetoni nusu kwa nusu, kama nusu kikombe cha chai. Asetoni inashika moto upesi sana, kwa hiyo sigara kaa nayo mbali. Acha siku 4 hata wiki, ikishuka ongeza. Kisha tia gia ya juu kabisa, mtu mmoja kila tairi la nyuma, mlisukume mbele na nyuma taratibu. Yangu siku ya kwanza ilicheza upana wa kidole tu, nikajua imekubali. Stata usiiguse bado.

Ikizunguka, izungushe nozeli zikiwa nje ili majimaji yote yatoke, maana hayabanwi. Na ule mchanganyiko umeshapenya kwenye ringi za pistoni ukashuka chini kwenye oili, kwa hiyo badili oili kabla ya kuwasha.

Nati za ekzosi zilizoota kutu ni kazi nyingine, ifanye siku nyingine, mbali na hiyo asetoni. Pasha nati kwa gesi hadi iwe nyekundu, ondoa moto, gusisha mshumaa: nta inanyonywa ndani ya nyuzi. Kaza kidogo kwanza, ndipo ufungue.