Saa ya mfukoni kuhamia mkononi: majibu ya maswali yenu

Safari hii barua zote ni za saa za mfukoni za Marekani, za kampuni kama Waltham, Elgin, Hamilton na wenzao. Nimezifupisha tu.

Fundi, mtandaoni naona mashine za Elgin zinauzwa tupu, bila kasha. Ni za wizi? Naweza kuzitengenezea saa ya mkono? (Msomaji, Columbus, Ohio)

Si za wizi, zimevuliwa nguo tu. Bei ya dhahabu ikipanda, wapo wanaonunua saa kuukuu kwa ajili ya kasha: dhahabu inaenda kuyeyushwa, mashine inatupwa kwenye sanduku. Elgin, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1864 jimboni Illinois, ilitoa saa zinazokaribia milioni 60 kabla haijaacha kazi, kwa hiyo mayatima ni wengi. Hao ndio wa kuwageuza.

Wala usidhani unavunja mila. Zamani zile Mmarekani alipoingia kwa sonara alichagua mashine kwanza, kisha kasha la kampuni nyingine kabisa kulingana na mfuko wake, na sonara akaviunganisha palepale. Iliwezekana kwa sababu vipimo vilikuwa vya pamoja. Namba 16 ina kipenyo cha milimita 43 hivi, namba 12 karibu 40, namba 0 karibu 30. Hapo bado hujaweka kasha. Namba 16 ikishavaa kasha la mkono hukaribia milimita 50, na kwenye mkono mwembamba inakaa kama kisosi. Mimi humshauri mtu aanze na namba 12. Ukipenda ndogo, namba 0 ilikuwa saa ya wanawake. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza saa ndogo za aina hiyo ziliunganishwa vishikio vya waya na kufungwa mkanda, askari wakazivaa kwenye mahandaki.

Shikamoo fundi. Babu wa mume wangu alikuwa dereva wa treni Pennsylvania. Ameacha Hamilton 992 yenye kasha lake, na inatembea. Nataka kumgeuzia mume wangu iwe ya mkono, zawadi ya siku ya kuzaliwa. (Dada wa Dallas)

Marahaba. Iache, dada yangu.

Saa hiyo ina historia yake. Mwaka 1891 treni mbili ziligongana Kipton, Ohio, na inasimuliwa kwamba saa ya dereva mmoja ilisimama dakika chache kisha ikaendelea bila yeye kujua. Baada ya ajali, Webb C. Ball, sonara wa Cleveland, alipewa kazi ya kukagua saa za reli, na masharti yakakazwa: uso usiofunikwa, tarakimu kubwa zinazosomeka, vito (vijiwe vigumu ambamo ncha za magurudumu huzunguka) visivyopungua 17, na isipotee zaidi ya sekunde 30 kwa wiki. Mishale ya 992 huirekebishi kwa kuvuta kifundo cha kutilia ufunguo. Unafungua kioo na kuchomoa kiwiko kidogo pembeni mwa uso, ili dereva asije akaisogeza kwa bahati mbaya akiitoa mfukoni. Kila kitu kwenye saa ya babu kina sababu yake, na kasha ni sehemu ya ushahidi huo.

Mume akitaka 992 mkononi, mtafutie mashine yatima. Ya babu mnunulie mnyororo, na uipeleke ikasafishwe na kutiwa mafuta.

Nimeweka mashine ya Waltham kwenye kasha jipya la mkono. Nikizungusha kifundo haijai ufunguo, inazungusha mishale tu. Nimeuziwa mbovu? (Mwanafunzi wa ufundi, Mombasa)

Hapana, ni nzima. Hapa ndipo Marekani ilipoachana na Uswisi. Katika saa nyingi za Kiswisi kijiti cha ufunguo kimeshikwa na mashine yenyewe. Katika nyingi za Kimarekani kijiti ni mali ya kasha, kimebanwa shingoni na kibomba kidogo cha chuma chembamba. Mashine ikiwa peke yake hukaa kwenye hali ya kurekebisha mishale, na kijiti kikisukumwa ndani ndipo inahamia kwenye kujaza. Kasha lako jipya halina kibomba hicho, basi hakuna kinachoisukuma. Tafuta kasha lililotengenezwa mahususi kwa mashine za Kimarekani, au mchonga vyuma wa kukuchongea shingo yenye kibomba. Usikate wala kukunja kitu ndani ya mashine. Na safari nyingine, kwa saa ya mkono, nunua mashine ya kuvuta kifundo, si ya kiwiko kama ya reli. Nani atafungua kioo kila mara apate kurekebisha saa?

Kwa nini nyingi zilizogeuzwa zina mshale wa sekunde kwenye 9? (Msomaji, Arusha)

Saa ya uso wazi ina kifundo kwenye 12 na sekunde kwenye 6. Ukikihamishia kifundo kwenye 3, kama mkono ulivyozoea, sekunde zinazunguka nazo mpaka 9. Mashine za saa zenye mfuniko zilizaliwa na kifundo kwenye 3 na sekunde kwenye 6, kwa hiyo hukaa mkononi bila kugeuzwa. Wengine huacha kifundo juu kwenye 12. Mimi naipenda hiyo.

Naweza kuchezea mpira? (Kijana, Morogoro)

Hata kuogea usiogee. Ncha za mhimili wa mizani, lile gurudumu linaloyumba kwenda na kurudi, zina unene wa kama sehemu ya kumi ya milimita, na saa hizo hazina kinga ya mshtuko. Pigo moja, mhimili unakatika.

Nikiuza saa yenye jina la Hamilton kwenye uso, wenye jina hawatanishtaki? (Msomaji, Toronto)

Walishamshtaki mtu. Vortic, karakana ya Fort Collins, Colorado, iliuza saa ya mkono iitwayo The Lancaster yenye mashine ya zamani ya Hamilton. Hamilton, leo mali ya Swatch, ilikwenda mahakamani New York ikashindwa mwaka 2020, na rufaa ikashindwa 2021. Vortic iliokolewa na uwazi: ilieleza kwamba mashine ni ya kale iliyokarabatiwa na kasha ni jipya la kwake. Hiyo ni sheria ya Marekani. Kwako Kanada muulize wakili. Kwa vyovyote, mwandikie mnunuzi kipi cha zamani na kipi kipya, pamoja na namba iliyochongwa kwenye mashine. Hiyo ndiyo inayotaja mwaka wake, si ile ya kasha.

Uso wa saa yangu una tarakimu zenye rangi ya kahawia inayopukutika. Zamani ziling'aa gizani. Nizikwangue nipake mpya? (Msomaji, Muscat)

Usikwangue! Inaelekea ni radiamu, metali yenye mionzi. Iliacha kung'aa kwa sababu kemikali iliyochanganywa nayo imechoka, lakini radiamu yenyewe hupungua nusu kwa miaka 1,600 hivi. Vumbi lake ukilivuta ndilo hatari. Usifungue kioo, iweke mbali na watoto, na ikibidi kufunguliwa iende kwa fundi mwenye vifaa vya kazi hiyo. Kwa saa ya kuvaa kila siku, muagize akuwekee uso mwingine wa enameli nyeupe wenye kipimo kilekile. Bado zinapatikana.