Maswali ya Wasomaji: Miaka Saba Dukani kwa Oga

SWALI: Nasikia Nigeria vijana wa Kiigbo hutumika dukani miaka mingi bila mshahara, kisha tajiri huwafungulia biashara. Ni kweli? Na tajiri akigeuka?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ni kweli. Mpango huo huitwa igba boi, na umeshamiri katika miji ya Onitsha, Nnewi na Aba, na katika soko la Alaba, Lagos. Wazazi hukubaliana na tajiri, yaani oga, mbele ya mashahidi. Muda aghalabu ni miaka 5 hadi 8. Kijana hula na kulala kwa oga.

Huanza kwa kufagia, kubeba mizigo na kukariri bidhaa. Katika vipuri vya pikipiki Nnewi hilo si jambo dogo, maana beringi mbili zaweza kufanana kwa macho na moja isifae mahali pa nyingine. Kisha hufundishwa bei ya mwisho, asiyoruhusiwa kushuka chini yake. Mteja akitaka kisichokuwapo, kijana hukichukua duka la jirani, hukiuza kwa faida kidogo na kumpelekea jirani haki yake. Hapo ndipo soko zima linapompima, na majirani haohao ndio watakaomkopesha mali akianza kujitegemea.

Akimaliza, oga humpa mtaji au bidhaa, mara nyingi humlipia na kodi ya duka, na humpeleka kwa wauzaji wa jumla. Naye baadaye huchukua vijana wake. Vita vya Biafra vya 1967–1970, Waigbo walipojaribu kujitenga na Nigeria, vilipokwisha, Waigbo wengi waliokuwa na akiba benki walirudishiwa paundi 20 tu, hata wawe waliweka kiasi gani. Njia hii iliwasaidia sana kusimama tena.

Dhuluma ipo, na hujitokeza zaidi mwaka wa mwisho: oga humsingizia kijana wizi ili amfukuze mikono mitupu. Makubaliano ya mdomo tu hayamlindi. Yaandikwe, yataje tarehe ya kumaliza, na mali ihesabiwe kila mwaka mbele ya shahidi wa pande zote mbili. Fungu lake litajwe kwa bidhaa, kwa mfano katoni kadhaa za aina fulani, kwa sababu naira zilizotosha kufungua duka leo hazitatosha baada ya miaka saba.

SWALI: Na mafundi hupitia njia hiyohiyo?

JIBU: Si lazima. Kwa mafundi, kama washona viatu wa Aba, mara nyingi mwanafunzi ndiye hulipa ada, muda huwa mfupi zaidi, na hatarajii mtaji. Ulizeni mapema nani atanunua vifaa.